Jina la kukodi hurudi kwa mwenyewe

Mwezi wa Aprili 2024 kampuni ya Disney ya Marekani ilitangaza kwamba bustani yake ya pili ya burudani iliyoko Marne-la-Vallée, nje ya jiji la Paris, Ufaransa, itapewa jina jipya. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 16 Machi 2002 kwa jina la Walt Disney Studios Park, na mada yake ilikuwa ni filamu na namna filamu zinavyotengenezwa. Jina lililochaguliwa badala yake ni Disney Adventure World, na siku ya kuanza kulitumia ikapangwa kuwa 29 Machi 2026, pamoja na kufunguliwa kwa sehemu mpya inayofuata filamu ya Frozen.

Huenda msomaji wetu aliyeko Makunduchi au Micheweni akauliza: mabembea ya Ufaransa yanatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Jawabu letu ni kwamba yanatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, hapa Visiwani nasi tunajenga. Tunajenga masoko, viwanja, bustani na hoteli, na kila kinachojengwa hakina budi kupewa jina. Pili, makampuni hayo makubwa, yenye mawakili hodari na fedha nyingi, yamewahi kujikwaa katika jambo hili ambalo wengi wetu tunaliona ni dogo. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Twataka basi kulichambua suala hili kwa utulivu, tukianza huko lilikotokea na kumalizia hapa kwetu. Hoja yetu ni moja: jina la mahali pa watu wote ni mali, na kama ilivyo mali yoyote, lazima ijulikane ni ya nani kabla haijatumiwa.

Jina na kilichomo ndani

Kwa wale ambao hawajapata kuziona, bustani za aina hii ni viwanja vikubwa vilivyozungushiwa ua. Mgeni hulipa mlangoni, na akishaingia hukuta mitaa ya bandia, majumba ya maonyesho, magari yaendayo kasi juu ya reli zilizopindapinda, na watu waliovaa mavazi ya wahusika wa hadithi. Tofauti yake na kiwanja cha kawaida cha mabembea ni kwamba kila kitu kimejengwa kwa sura ya filamu ambayo mgeni ameiona kabla hajafika. Kwa hiyo jina la bustani hufanya kazi kubwa. Mgeni anayetoka mbali na watoto wake hulipia jina kwanza, ndipo aone kilichomo.

Kampuni ya Disney ilipata somo lake la kwanza la majina nchini Ufaransa mapema kabisa. Mradi wake wa huko ulipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, uliitwa Euro Disney. Viongozi wa kampuni waliokaa Marekani waliona kwamba neno Euro lina mvuto na fahari. Michael Eisner, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo, alikuja kueleza baadaye kwamba masikioni mwa watu wa Ulaya wenyewe neno hilo lilisikika kama mambo ya biashara na sarafu. Fikiri, ndugu msomaji: baba anawaambia watoto wake kwamba anawapeleka kwenye starehe, na jina la mahali penyewe linanukia benki. Mwaka 1994 jina lilibadilishwa likawa Disneyland Paris.

Hatusemi kwamba jina ndilo lililouletea mradi ule madeni yake ya miaka ya mwanzo. Madeni yale yalikuwa na sababu zake, na kubwa miongoni mwake ni mikopo mizito na riba. Lakini yafaa kuangalia ni jina gani lililodumu. Neno lililoletwa na wageni kwa kudhania kwamba litawafurahisha wenyeji liliondoka baada ya miaka miwili. Neno Paris, ambalo ni jina la mji wenyewe, limebaki kwa zaidi ya miaka 30.

Bustani ya pili, ile ya mwaka 2002, ilikuwa na tatizo la namna nyingine. Jina lake liliahidi studio, yaani kiwanda cha filamu. Mgeni alitarajia kuona nyuma ya pazia: jinsi moto wa bandia unavyowashwa, jinsi picha za katuni zinavyochorwa, jinsi mtu anavyoanguka kutoka juu bila ya kuumia. Ilipofunguliwa ilikuwa ndogo, yenye vivutio vichache, na wageni wengi walilalamika hivyo. Polepole kampuni ikageuza mwendo. Mwaka 2014 ikafungua sehemu ya filamu ya Ratatouille. Mwaka 2018 ikatangaza mpango wa kutumia euro bilioni 2 kupanua. Mwaka 2022 ikafungua sehemu ya mashujaa wa Marvel. Katika miaka hiyo maonyesho ya kuelezea utengenezaji wa filamu yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Mgeni sasa hakupelekwa kuona filamu inavyotengenezwa. Alitiwa ndani ya hadithi yenyewe, kana kwamba yeye ni mmoja wa wahusika.

Ilipofika hapo jina la Studios lilikuwa halisemi kweli tena. Ubao wa mlangoni ulikuwa ukitangaza bidhaa ambayo dukani imekwisha. Katika hali kama hiyo kubadilisha jina ni uungwana, maana anayelipa ana haki ya kuambiwa anacholipia. Tunalikubali badiliko la Paris kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, tunaona upungufu katika jina jipya. Adventure World, yaani ulimwengu wa mikasa na safari za ajabu, ni jina pana kama gunia: lolote litakalotiwa humo litaenea. Faida yake ni kwamba halitakuwa la uongo hata sehemu za ndani zikibadilishwa. Hasara yake ni kwamba laweza kubandikwa popote duniani bila ya mtu kujua liko nchi gani. Limeandikwa kwa Kiingereza katika ardhi ya Ufaransa, na Wafaransa, ambao wanajulikana kwa kuilinda lugha yao, wanaletewa watoto wao kulisoma. Hilo ni lao wenyewe kuliamua. Sisi tunalitaja ili tulikumbuke tutakapofika kwetu.

Simba wa kuazima

Mfano mkubwa zaidi uko Marekani kwenyewe, katika jimbo la Florida. Miaka ya 1980 Disney ilikuwa imekwisha jenga bustani mbili karibu na mji wa Orlando, na kampuni ya Universal ilikuwa ikijitayarisha kujenga yake ya filamu katika mji huohuo. Disney ikaamua kumtangulia mshindani. Wazo la awali lilikuwa la banda moja tu la mambo ya sinema ndani ya bustani ya Epcot. Likapanuliwa likawa bustani nzima, iliyofunguliwa tarehe 1 Mei 1989. Universal ilifungua yake tarehe 7 Juni 1990.

Lakini Disney ilikuwa na upungufu. Filamu zake zilizojulikana zaidi zilikuwa za katuni na za watoto. Ilitaka fahari ya filamu za zamani za Hollywood, zile za miaka ya 1930 na 1940, na fahari hiyo ilikuwa kwa wengine. Mwaka 1985 ikafanya mkataba na kampuni ya MGM wa kutumia jina lake pamoja na nembo yake mashuhuri ya simba angurumaye. Bustani ikaitwa Disney-MGM Studios.

Tuitazame vizuri biashara hii. Kampuni ya MGM ilianzishwa mwaka 1924 kwa kuunganisha makampuni matatu, na herufi zake tatu ni kumbukumbu ya muungano huo. Katika siku zake njema ilikuwa na filamu, na waigizaji, na viwanja vya kupigia picha. Lakini mwaka 1986 tajiri Ted Turner aliinunua, na baada ya muda mfupi akaiuza tena kwa mwenyewe wa zamani, Kirk Kerkorian, huku akijibakishia hazina ya filamu za zamani. Kwa hiyo bustani ilipofunguliwa mwaka 1989, simba aliyekuwa akinguruma mlangoni alikuwa hana tena filamu zile zilizompa sauti. Hata The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939 ambayo mandhari yake yalioneshwa ndani ya bustani hiyo, ilikuwa imo katika hazina iliyochukuliwa na Turner. Disney ilikodi jina kwa mtu ambaye mali iliyolipa jina lile thamani ilimtoka baadaye. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na hii ilikuwa nguo ya kuazima ambayo hata aliyeazimisha alibakiwa na pindo tu.

Ugomvi haukuchelewa. Mwaka 1988, kabla hata ya milango kufunguliwa, MGM ilikwenda mahakamani ikidai kwamba Disney imevuka mpaka wa mkataba, kwa kuwa imejenga studio inayofanya kazi ya kweli ya filamu na televisheni na si bustani ya burudani peke yake. Disney nayo ikafungua madai yake, ikilalamika kwamba upande wa MGM unataka kujenga bustani yake huko Las Vegas kwa jina lilelile. Mwezi Oktoba 1992 mahakama ya Los Angeles ikaamua kwamba Disney ina haki ya kuendelea kutumia jina la Disney-MGM kwa filamu zitengenezwazo Florida, na kwamba wenye jina la Las Vegas nao wana haki ya kujenga bustani yao, ilimradi isifuate mada ya studio kama ile ya Disney. Bustani ya Las Vegas ikafunguliwa mwaka 1993. Ikawa sasa jina moja linaning'inia juu ya milango miwili ya matajiri wawili wasioelewana.

Hatimaye Disney ilichoka. Mwezi Agosti 2007 ilitangaza kuliacha jina la MGM, na tarehe 7 Januari 2008 bustani ikaanza kuitwa Disney's Hollywood Studios. Baada ya takriban miaka 19, ikalazimu kubadilisha mabango ya barabarani, ramani, tiketi, vitabu, fulana na vikombe. Jambo hilo lina gharama ya fedha, lakini ina gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari. Mtu aliyepelekwa pale akiwa mtoto mwaka 1990 alilijua kwa jina la MGM, na kwa miaka mingi baada ya 2008 wageni na wenyeji wa Florida waliendelea kusema wanakwenda MGM. Mwenye bustani alikuwa ametumia miaka 19 na fedha zake kuwafundisha watu kulipenda jina la mtu mwingine. Na jina lenyewe la MGM halikukaa mkono mmoja: mwaka 2022 kampuni hiyo ilinunuliwa na Amazon.

Jina la Hollywood Studios nalo halikukosa kasoro. Hollywood ni sehemu ya jiji la Los Angeles, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Orlando. Studio nazo zilikuwa zikififia. Kiwanda cha kuchora katuni kilichokuwa ndani ya bustani, ambacho kilitengeneza filamu za Mulan ya mwaka 1998 na Lilo & Stitch ya mwaka 2002, kilifungwa mwaka 2004. Safari ya kuwaonyesha wageni nyuma ya pazia ilifungwa mwaka 2014, na ile ya kupita katika filamu za zamani ikafungwa mwaka 2017. Mahali pake pakaja sehemu ya Toy Story mwaka 2018 na ya Star Wars mwaka 2019. Mwezi Machi 2015 mkuu wa kampuni, Bob Iger, aliwaambia wenye hisa kwamba jina litabadilishwa tena. Majina yakapendekezwa, wageni wakaulizwa maoni yao, na mwisho wake kampuni ikaamua kubaki na jina lililopo.

Tunaona uamuzi huo ulikuwa na busara, ingawa jina lenyewe si kamilifu. Watu walikuwa wamelikubali baada ya miaka kumi, na zaidi ya hayo kampuni haikulazimika tena kugawana jina lake na mshindani. Jina lenye kasoro ambalo watu wamelizoea lina faida kuliko jina zuri linalobadilika kila baada ya miaka michache.

Mwenye jina akiondoka

Mfano wa tatu ni mfupi, na kwa watumishi wetu wa Serikali huenda ndio wenye kufaa zaidi. Huko Bottrop, Ujerumani, katika eneo lililokuwa la migodi ya makaa ya mawe, palifunguliwa tarehe 30 Juni 1996 bustani ya filamu iliyoitwa Warner Bros. Movie World. Ilipouzwa mwaka 2004 kwa wenye mtaji wengine, haki ya kutumia jina la Warner haikuuzwa pamoja nayo. Msimu wa mwaka 2005 ulipofika, bustani ikafungua milango kwa jina la Movie Park Germany. Ardhi ilikuwa ileile, reli zilezile na wafanyakazi walewale. Lakini wahusika wa katuni ambao watoto waliwafuata pale iliwabidi waondoke, na waendeshaji wapya walilazimika kutafuta wahusika wengine kwa kampuni nyingine.

Hapa ndipo unapoonekana ukweli wa jambo hili. Kampuni ya kigeni inapojenga mahali ikapaita kwa jina lake, inaweza kuuza majengo na kuondoka na jina, na mji uliowapa ardhi, barabara na wafanyakazi hubakiwa na kuta zisizo na mwito. Jina ndilo lililokuwa likiwaita wageni, na jina halikuwa la mji. Watu wa Bottrop walibahatika kwamba waliokuja baada yake walichagua jina lao wenyewe na wakaliendeleza. Si kila mji utakaobahatika hivyo.

Na sisi Visiwani

Tumezungumza ya wengine. Sasa tuzungumze ya kwetu.

Sisi wa Unguja na Pemba tunayajua majina yanayobandikwa na majina yanayoshika. Bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib iliitwa na wakoloni Jubilee Gardens mwaka 1936. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikapewa jina la Jamhuri, na jina hilo lilikuwa na maana kubwa kwa wale waliolitoa. Walakini umuulize mtoto yeyote wa mjini, au mgeni anayetafuta pweza wa kuchoma na juisi ya miwa wakati wa magharibi, atakwambia anakwenda Forodhani. Kabla ya bustani palikuwa na forodha, na ulimi wa watu haukusahau. Bustani ilipotengenezwa upya mwaka 2009, ni jina la Forodhani lililotajwa na dunia nzima.

Hali kadhalika hospitali yetu kuu. Kwa miaka kadhaa iliitwa kwa jina la V.I. Lenin, kwa heshima ya urafiki wa zama zile. Hatuna haya ya urafiki ule. Lakini jina lililokaa ni Mnazi Mmoja, jina la kiwanja na mti, ambalo mgonjwa hulitamka bila ya kujikwaa.

Na kwa kuwa tunazungumzia sinema, tuyakumbuke majumba yetu wenyewe. Jumba la Royal lilikuja kuitwa Majestic. Jumba la Sultana lilibadilishwa jina baada ya Mapinduzi likaitwa Cine Afrique. Ilikuwa sawa kabisa kuliondoa jina la Sultana, maana enzi yake ilikuwa imekwisha. Lakini tuangalie lililoletwa badala yake: bara letu wenyewe, limeandikwa kwa Kifaransa, mbele ya jengo la Mji Mkongwe, kwa watu wanaosema Kiswahili. Majumba hayo yaliacha kuonyesha filamu, kila moja kwa wakati wake, na haikuwa kosa la majina. Televisheni, kanda za video na ukosefu wa matengenezo ndivyo vilivyoyafunga. Hata hivyo, tunaona kuna funzo kwamba jengo la mikutano ya wananchi wa Ng'ambo lilipoitwa kwa jina la Raha Leo, maneno mawili ya Kiswahili safi, jina hilo limetoka kwenye jengo likawa la mtaa mzima, na liko hai hadi leo.

Hatutaki kueleweka vibaya. Hatupingi wawekezaji, wala hatusemi kwamba kila ubao wenye neno la kigeni ung'olewe. Visiwa hivi vimeishi kwa kupokea wageni tangu zama za majahazi, na hata neno bustani lilikuja na upepo wa kaskazi. Tunachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya duka la mtu binafsi na mahali pa watu wote. Mwenye duka aliite atakavyo, maadamu hakuvunja sheria wala adabu. Lakini kiwanja cha watoto, bustani ya mji, soko, ufukwe au jumba la utamaduni ni amana ya umma, hata kama fedha za kulijenga zimetoka kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana, kuanzia Wizara hadi Baraza la Manispaa na Halmashauri za Wilaya, wayazingatie mambo manne kila linapokuja suala la jina.

La kwanza ni mkataba. Kila mkataba wa kujenga au kuendesha mahali pa umma uwe na kifungu kinachosema wazi: jina hili ni la nani, na mkataba ukimalizika au kampuni ikiuzwa, jina litabaki na nani. Disney ilikuwa na mawakili wengi, na bado ilikwenda mahakamani kwa sababu ya mpaka wa neno moja. Sisi tusitarajie kusalimika kwa kupeana mikono. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

La pili ni mahali. Jina la mtaa, la mti, la bandari au la kazi iliyokuwa ikifanyika hapo litangulie, na jina la mfadhili lifuate katika ubao wa shukrani. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo na Tibirinzi vinajulikana na kila mzazi kwa mahali vilipo. Mtoto wa Pemba akiambiwa siku ya Idi kwamba anapelekwa Tibirinzi, halali usiku. Jina gani la kukodi litamfanyia hivyo?

La tatu ni watu. Kabla ya kibao kupakwa rangi, sheha na wazee wa shehia husika waulizwe, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipewe nafasi ya kuitazama lugha. Mtoto mchanga hapewi jina na mpita njia. Wazee wa pande mbili hukaa wakashauriana, na siku ya saba jina likatangazwa. Mahali ambapo watoto elfu watacheza pastahiki walau mashauriano kama hayo. Kampuni iliyokuwa Florida iliwauliza wageni wake maoni, ilhali wale ni wateja wa siku moja. Sisi tunaowauliza ni wenye mahali.

La nne ni subira. Jina likishatolewa kwa utaratibu, lisibadilishwe kwa kuwa amekuja kiongozi mwingine au mfadhili mwingine. Libadilishwe pale tu linapokuwa halisemi kweli tena, kama lilivyokuwa jina la Studios huko Paris, au linapokuwa linadhalilisha utu wa wananchi. Kila jina jipya hugharimu ubao, ramani na vitabu vya skuli, na hugharimu pia kumbukumbu za waliotangulia.

Tunatambua kwamba kuna hoja ya upande wa pili, na si hoja dhaifu. Wapo watakaosema kwamba jina maarufu la kigeni huvuta watalii, na utalii ndio unaotulisha. Tunawajibu kwa mifano ileile. Jina maarufu huvuta kwa muda ambao mwenyewe ameruhusu, na kwa masharti aliyoyaweka yeye. Siku akitaka bei kubwa zaidi, utalipa au utavua. Na mtalii anayekata tiketi ya ndege hadi Unguja hakuja kutafuta jina aliloliacha nyumbani kwake. Amekuja kwa jina la Zanzibar, ambalo hatukulikodi kwa yeyote, na ambalo hakuna mahakama ya Los Angeles itakayotuamuru tulirudishe. Tamasha la filamu linalofanyika kila mwaka Ngome Kongwe, lililoanza miaka ya 1990, limejulikana duniani kwa jina la Zanzibar, na wakereketwa wake wameliita kwa Kiswahili Tamasha la Nchi za Majahazi. Hapo filamu, mahali na lugha vimekutana bila ya mtu kumlipa mwingine kodi ya jina.

Iwapo siku moja hapa Visiwani patajengwa bustani ya burudani yenye kufuata mambo ya filamu, nasi hatuoni sababu ya kutojengwa, basi tunataraji kwamba watakaokaa kulichagua jina lake wataanza kwa kuuliza mahali hapo paliitwaje kabla ya tinga kufika. Aghalabu jina zuri huwa limekwisha kuwepo hapo zamani, midomoni mwa wavuvi na wakwezi, likingoja kuandikwa. Kazi ya Serikali ni kuliandika kwa usahihi na kulilinda ndani ya mkataba.